Matuta ya muchanga chini ya ziwa

Bukavu, siku ya yenga kisha misa

Yaya Furaha, mukubwa wangu,

Mwili inasemaje? Na kifua ya maman, inamuachia alale? Miye niko muzima, ila hasira inanikula.

Unaandika unataka kuuzisha shamba ya maman, uje tununue parseli ya pili, kipande ya kuchimba muchanga ya kuuzisha, hapa pembeni ya ziwa, eti miye ninakula mujini peke yangu. Soma kwanza.

Kwetu Bunyakiri, pale muto iko na matuta madogo ya muchanga chini ya maji, unachimba, mvua inanyesha, shimo inajaa tena. Njo vile nilinunua huku. Niliona matuta safi, yamejipanga. Tonton, ule muzee mwenye kuuzisha parseli, akasema: "Muchanga inarudi yenyewe, mwanangu!"

Nikachimba, shimo haikujaa. Kamyo za wanunuzi zinakuja, zinageuza tupu. Nikasaga tofali nyekundu, nikamwanga unga yake ndani ya maji, nikainama kuangalia maji inaipeleka wapi. Maman Neema, mwenye kutuuzishia maharagi siye wachimbaji, akacheka:

"Papa Bunyakiri, matuta ya viazi hayo? Umeanza kutia mbolea?"

"Napima maji, maman."

"Yote? Basi kula kwanza."

Wimbi iliingia, ile nyekundu ikakimbia kiganja moja mbele. Wimbi ikarudi, nayo ikarudi kiganja moja. Jumla ziro. Maji ikivuka tuta inajizungusha nyuma yake, inakokota punje inazipandisha. Ikirudi, inafanya vile vile upande wa pili. Kwa hiyo tuta ya ziwa inainuka sawa pande zote mbili. Ya muto inalala upande moja, inakatika upande ingine, ju muto inabeba muchanga inaendelea nayo. Hapa ziwa inatikisa tu muchanga ule ule.

Nami niko vile. Nikipanda barabarani kutafuta kazi, hakuna. Nikishuka, shimo ni ile ile. Nikiondoka, tonton anarudisha parseli kwake bure, njo mapatano yetu. Na barabara ya kurudi kwenu Bunyakiri, unajua vile iko mubaya.

Jana tonton alinionyesha parseli ya jirani: "Hii ya yaya wako." Nikatia mukono majini, nikapapasa tuta. Sawa pande zote mbili.

Nikamuambia: "Yaya wangu analima."

Salimia maman, na shemeji fundi wa baiskeli. Yaya, shamba ile njo mulango moja inanibakilia. Usiifunge.

Mudogo wako,
Amani