Mikono Misafi ya Kiganjo

Jumanne usiku

Na nilikuwa nimewaambia hao akina mama! Msinawe mikono mpaka nifike. Nataka vijidudu vya kila siku, vile vinatoka mkononi vikaingia tumboni, ndio tujue kwa nini watoto wa Kiganjo wanaharisha hivi.

Leo nafika, ploti nzima inanuka dawa ya choo. Mama Wambui, mwenyekiti wa kikundi chao, amepanga akina mama kwa laini, mikono imesuguliwa kwa brashi mpaka imechubuka.

"Ngai, daktari, hatungekuaibisha," akaniambia, amejaa tabasamu. Mgongoni amembeba mjukuu wake, aliyetoka hospitali juzi kwa tumbo hilo hilo.

Nikapangusa mikono yao kwa pamba zangu, moja moja, kwa heshima zote. Hakuna kijidudu kitaota kwa pamba hizo maabara. Kulingana na sayansi yangu, Kiganjo hakuna ugonjwa. Hongera kwetu.

Sasa niko nyumbani Ruiru na mgongo unaniuma. Kesho Profesa anakuja maabara kuona vile tunafanya kazi kila siku, kwa hivyo jioni yote tumepiga deki, na ile friji yenye ukungu tumeificha stoo.