Nimewatafsiria Kweli Kuhusu Bomba, Sasa Mjomba Anataka Niikane

Mpendwa Shangazi Adyeri,

Nakusalimu kwa heshima nikiomba unisaidie kabla ya Alhamisi, na kabla ya yote nakusihi usilisome jina langu hewani, niite Atwooki tu, empaako yangu, jina la heshima linalotumiwa na wengi kwetu, kwa sababu mjomba wangu husikiliza kipindi chako kila Jumapili akipiga pasi mashati yake, na mjomba huyo ndiye shida yangu, ingawa ndiye pia aliyenilea, akanisomesha mpaka chuo, akanitafutia hii kazi ya ukarani ninayoogopa kuipoteza.

Ofisi yetu ni ndogo, inapima njia ya bomba la mafuta, hili litakalotoka kwetu Bunyoro livuke mpaka wa Tanzania hadi baharini Tanga. Mjomba ndiye msimamizi. Mimi naandika kumbukumbu za mikutano, na wageni wakija natafsiri Kiingereza kwenda Kinyoro. Ni kazi ya kutojitokeza, Shangazi, na hiyo naiweza.

Juzi tulifanya baraza kijiji cha Kabyoma, nilikokulia, ambako ramani inalipitisha bomba katikati ya kinamasi kinachowapa watu wote maji, na kabla hatujaanza mjomba alinivuta pembeni akaniambia, "Mwanangu, huyu mhandisi mgeni hana breki mdomoni. Akifika kwenye mambo ya kuvuja, wewe ruka. Watu wetu hawatupiwi habari mbaya hadharani, si adabu." Na kuhusu adabu alisema kweli, kwetu hata msiba hautangazwi kwa kupayuka, kwa hiyo nikajiambia kwamba ninachoombwa ni heshima, nikakubali.

Mhandisi, mama mmoja mrefu aitwaye Ingrid, alisema waziwazi. Alisema mafuta yetu ni mazito na yakipoa huganda kama samli, ndiyo maana bomba litapashwa moto njia nzima, na kwamba litafukiwa na kuwekewa vipimo vya kutoa onyo, hatari ni ndogo, lakini ipo, na likivuja ndani ya kinamasi mafuta yataingia kwenye matope na hakuna atakayeweza kuyatoa yote, wajukuu wa hawa waliokaa hapa watayakuta. Nami nikasimama nikatafsiri, "Anasema bomba litafukiwa vizuri na litakuwa la moto."

Watu wakatazamana. Akainuka Bi. Kabonesa, yule anayeuza pombe ya ndizi pale njiapanda, mkono kiunoni.

"Atwooki! Huyu mama ameongea mpaka jasho limemtoka, wewe umeturushia mkia. Ng'ombe mwenyewe yuko wapi?"

Baraza zima likacheka. Mjomba akakohoa, akamwita naye kwa empaako yake, "Kaa chini, Abwooli, tuna ratiba."

"Wewe Akiiki sijakuuliza," akamrudishia mjomba kwa empaako yake, "naongea na mtoto. Haya, Atwooki wangu, amesema nini?"

Shangazi, unajua mwenyewe, mtu akishakuita kwa empaako yako kwa sauti ile, mbele ya watu waliokuona ukitambaa, ulimi wa kudanganya unautoa wapi? Nikasema yote, mpaka hilo la wajukuu.

Pakawaka. Isingoma, fundi wa kuchomelea vyuma, alipanda juu ya benchi akapiga kelele, "Siku zote mnalia hakuna kazi, leo kazi imekuja na bomba lake mnaleta habari za vyura!" Bi. Kabonesa akamjibu, "Vyura hawajawahi kunywa pombe yangu, Isingoma, mnywaji ni wewe, na naipika kwa maji ya hapo hapo. Unataka ya dizeli?" Wakabishana, wengine wakisema tulikatae bomba kabisa, wengine wakisema tukilikataa litapita kwa jirani na sisi tubaki na vumbi, hadi mtu mmoja akauliza kwa nini lisipande ule mgongo wa mawe ulio juu ya kijiji, likiepuke kinamasi. Nikatafsiri. Mhandisi akaishika ramani, akautazama mgongo, akaitazama tena ramani, akasema inawezekana, njia itakuwa ndefu zaidi lakini ni salama zaidi, na kwamba yeye mwenyewe atapendekeza hivyo. Nilipoitafsiri hiyo, Shangazi, vigelegele! Ngoma sijui ilitoka wapi, nikanyanyuliwa mabegani kama bwana harusi, kiatu kimoja kikaanguka na mpaka leo sijakiona. Wakanipa unga wa ulezi na jogoo.

Asubuhi yake mjomba akaniambia, "Umenivua nguo mbele ya watu." Alhamisi kuna baraza la mwisho, wakubwa wa wilaya watakuwepo bila mhandisi, naye mjomba anataka nisimame niseme kwamba nilitafsiri vibaya, kwamba woga ulinifanya nitie chumvi, ili njia ibaki ilipo, maana kupima upya kutatuchelewesha na huenda ofisi ikanyang'anywa kazi. Nikikataa, nisirudi ofisini wala kwake, nirudi kwa mama. Nikikubali, Kabyoma watakunywa nini siku ya kuvuja, na nitawatazamaje? Isingoma haitiki salamu yangu, akidhani nimeifukuza kazi yake. Yule jogoo akiwika nashtuka kama nimeitwa kituo cha polisi. Je, ni vibaya sana nikiugua Alhamisi?

Wako,
Atwooki

*

Atwooki mwanangu,

Jina lako nimelificha, ingawa akina Atwooki wa Bunyoro wakikusanyika hakuna uwanja utakaowatosha. Pole kwa kukosa usingizi. Lakini barua yako nilipofika kwenye mgongo wa mawe nilipiga kigelegele humu studio, fundi mitambo akadhani nimeumwa na nyuki. Kijiji kimeambiwa kweli, kimegombana, kimefikiri, kimepata njia iliyo bora, na mgeni amekubali bila jiwe kurushwa! Umebebwa mabegani, halafu unaniandikia kama mtu aliyefiwa. Hebu inua kichwa.

Sasa nikukaripie kidogo. Hiyo adabu mliyoisingizia naijua kuliko nyinyi wawili. Habari ya msiba hatuipayuki ili mfiwa apate kwanza mahali pa kukaa. Hatumwachi aendelee kumpikia marehemu chakula. Siku nyingine mkubwa akikuambia "ruka", muulize nani ataangukia huko unakorukia.

Kuhusu mjomba. Alikulea, na deni la malezi haliishi, sitakuambia vingine. Lakini hakukusomesha Kiingereza ili ukifiche Kabyoma wasikisikie. Usimvizie barazani. Jumatano nenda kwake na mama yako, dada yake huyo, msalimie Akiiki wako kwa adabu zote, umwambie mapema utakachosema. Kisha mwombe yeye ndiye atangaze mgongo wa mawe, kama msimamizi aliyewasikiliza watu wake. Amesema umemvua nguo, basi mpelekee nyingine, tena nzuri kuliko ya kwanza. Asipoipokea, hiyo itakuwa hiari yake. Begi lako lipeleke kwa mama, ukalale huko.

Huenda kazi ikaondoka, sikudanganyi. Ila mkalimani asiyeruka hakai bure muda mrefu katika nchi inayochimbwa mafuta. Bomba lina vijiji vingi mbele yake, na yule mhandisi ameshaona ni nani anayefikisha maneno yake.

Isingoma mwambie hivi: njia ndefu ina maungio mengi, na kila ungio linataka mchomeleaji. Ataitika salamu kabla hujamaliza sentensi.

Na nyinyi Kabyoma mnaonisikiliza, msilewe mapema. Kupendekeza bado si kuamua. Bi. Kabonesa, Alhamisi keti mstari wa mbele, uwatake wakubwa wa wilaya watamke kwa vinywa vyao bomba litapita wapi, nani atakuja likitoa onyo, na atafika kwa muda gani. Wasikae chini kabla hawajajibu.

Wewe Atwooki, kuugua Alhamisi nimekukataza. Mchinje huyo jogoo Jumatano, mle na mama, na mjomba akija mumpe firigisi. Nunua viatu. Ukiitwa mbele, salimia, sema vile vile ulivyosema, kisha ukae. Usiombe radhi. Hukumkosea mtu.

Shangazi Adyeri