Nimeificha Hundi ya Ng'ombe Wetu

Mpendwa Mama Lenore,

Huwa nasoma safu yako ya ushauri gazetini, na sasa nakuomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi. Mimi na mume wangu Arvid tumekamua ng'ombe hapa Wisconsin miaka thelathini na tisa, kila siku saa kumi alfajiri, mimi nikisafisha chuchu, yeye akifunga mashine, redio ikipiga muziki wa polka na sisi tukiongea juu ya migongo ya ng'ombe, na kusema kweli mambo yote makubwa ya maisha yetu tuliyaamua humo bandani kwenye joto lao, hata majina ya watoto. Korona ilipoingia, kiwanda cha maziwa kikapiga simu, "Arvid, lori haliji leo, mwaga," akafungua tangi mwenyewe, akasimama mpaka maziwa yakaisha, kisha akaliosha vizuri kama kawaida. Mwezi Juni tukauza ng'ombe wote. Sasa asubuhi anakwenda kukaa kwenye banda tupu, na mezani hatuna la kusema.

Hundi ya serikali ya fidia ya maziwa ilipofika niliipokea mimi, nikaificha, kwa sababu nilijua atanunua mitamba na daktari ameshamwonya kuhusu moyo wake. Wiki iliyopita jirani yetu Gordy akamtania kwenye duka la chakula cha mifugo, "We mzee, wenzio wote wamepata za korona, zako mkeo kanunulia pikipiki?" Arvid akapiga simu ofisi ya fidia, wakamwambia ilitumwa zamani. Akaniuliza, "Au imepotelea posta?" Nikajibu, "Labda." Sasa amemshtaki Jolene, mleta barua, kwa mkubwa wake, na mimi nimenyamaza. Mama, si moyo wake tu ninaouogopa. Akiniuliza kama tuanze tena, nitakubali, maana hata mimi nalitamani lile banda.

Marlys

Mama Lenore anajibu:

Marlys,

Majina nimeyabadilisha, lakini kaunti yetu ni ndogo na mumeo si mjinga. Mfikie kabla gazeti halijamfikia.

Nami nimezaliwa kwenye familia ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na harufu ya banda bado inanitoa machozi, kwa hiyo sikucheki. Lakini umefanya vibaya mara mbili. Mwanamume aliyemwaga maziwa ya jasho lake kwenye mtaro anastahili kuishika hundi ile kwa mikono yake, hata kama mwishowe mtaipeleka yote benki. Na Jolene, aliyekuletea barua theluji ikiwa magotini, unamwacha aitwe mwizi ili wewe usigombane na mumeo? Aibu!

Unasema unaogopa moyo wake. Kukaa peke yake penye banda tupu kunamsaidia nini? Nendeni kwa daktari pamoja, muulizeni waziwazi mzee mwenye moyo wa namna hiyo anaweza kulea wanyama wangapi. Huenda ni wawili, huenda hata mmoja hapana. Jibu lolote mlipokee wote wawili, na ukilia, alione chozi lako.

Sasa hivi yuko bandani. Mpelekee hundi, mwambie ukweli bila kuuzungusha, na akikasirika usiondoke. Kaa naye humo mpaka muongee.

Ila kabla hujatoka mlangoni, inua simu. Mpigie mkubwa wa posta, umwambie Jolene hajaiba kitu, aliyeiba ni wewe.