Bango la Shemeji Linaniletea Kila Mtu Isipokuwa Wateja Wangu

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijaharibu undugu wa watu, maana hapa nilipo nimekaa mbele ya cherehani nimezungukwa na turubai la lori, mwavuli uliochanika na gauni la bibi harusi ambalo sijui hata pa kulianzia, na mimi ni mshona mapazia tu, mwaka wa tisa sasa, chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho karakana yangu.

Kazi ilikuwa inakuja, ila kuna miezi ilikuwa inadorora, basi mdogo wake baba watoto, ambaye nyumbani tunamwita Profesa kwa jinsi anavyopenda kueleza mambo, akarudi kutoka semina ya siku tatu akaniambia, "Shemeji, tatizo lako huna mpango wa masoko," nami nikamjibu, "Basi nipangie wewe," na hapo ndipo nilipojifunga mwenyewe, kwa sababu wiki iliyofuata lilisimama bango refu kuliko mlango wetu, TUNASHONA KILA KITU, KWA KILA MTU, KWA HARAKA, na vipeperushi akagawa sokoni, stendi na nje ya uwanja wa mpira.

Mshauri, watu walikuja! Walikuja mpaka nikakosa pa kukanyaga, na mapazia ya watu yakawa yanalala mezani, hadi daktari wa meno, mteja wangu wa miaka sita, alipokuja mara ya tatu kuulizia ya kliniki yake, akakikunja kitambaa chake mwenyewe, akaniambia kwa upole, "Naona siku hizi una mambo mengi," akaondoka nacho, na upole ule uliniuma kuliko kama angenitukana.

Sasa nikiri kosa langu. Jumatatu asubuhi aliingia kocha wa timu ya mpira na mfuko wa jezi ishirini na mbili, akauliza, "Fundi yupo?" na mimi, futi ikiwa shingoni na pini zimejaa kifuani, nikamjibu, "Fundi amehama," ndipo mama mkwe akadakia kutoka ndani, "Amehama saa ngapi, na chai yake hii hapa inapoa?" Kocha alicheka mpaka akaegemea ukuta, lakini nyuma yake alikuwa amesimama Profesa, kumbe ndiye aliyemleta, akanitazama, akageuka akaenda zake, na leo ni siku ya tano hajakanyaga kwetu. Baba watoto ananiambia, "Mdogo wangu anakutafutia watu, wewe unawafukuza," na bado kuna hatua ya pili ya huo mpango, gari la vipaza sauti, Jumamosi. Je, niombe radhi na gari lije, au niling'oe bango nikanuniwe na ukoo mzima?

Mimi, Fundi Aliyehama

MSHAURI ANAJIBU

Fundi uliyehama, karibu tena nyumbani. Nimekucheka, sikufichi, kisha nikafika pale kwenye kisa cha daktari wa meno nikaacha kucheka.

Nianze kwa kukugombeza. Ulimwambia shemeji yako akupangie, kama mtu anayemwachia kinyozi kichwa kisha akasinzia. Angejuaje unataka wateja wa aina gani? Kaambiwa alete watu, kaleta watu, halafu unamdanganya mgeni wake mbele ya macho yake! Radhi utaiomba leo, kwa mdomo wako, bila kumtuma mama mkwe. Naye ana lake: ametangaza kazi usiyoifanya, na akaahidi haraka usiyoiweza.

Bango lishuke. Gari lisije. Vitu usivyoviweza virudishe kwa heshima, na kila mwenye nacho umwelekeze kwa fundi anayekiweza.

Kisha kaeni mezani wewe na Profesa, na karatasi moja tu. Andikeni ni nani hasa anayehitaji pazia: anayehamia nyumba, anayefungua ofisi, aliyetoka kupaka rangi. Andikeni mnaweza kumaliza madirisha mangapi kwa wiki bila kumkosea mtu, na hapo hapo mkomee. Na kwa wiki tatu, kila anayeingia muulize kabla hujampa kiti: "Nani amekuelekeza kwangu?" Jibu liandike, hata kama ni "nilipita tu". Mdomo wa shemeji yako ni mali, dada. Usiuzibe, upe pa kwenda.

Kwa daktari wa meno nenda kwa miguu yako, usipige simu. Usijitetee. Mpe tarehe, uitimize.

FUNDI AMETUANDIKIA TENA

Mshauri, radhi niliomba jioni ile ile, Profesa akajifanya amenuna kama dakika kumi, kisha akavuta kiti tukaandika ile karatasi, bango likashuka na gari halikuja. Daktari wa meno alinipa dirisha moja la kunijaribu, nikalimaliza siku moja kabla, na jana kaniita nikapime mengine matano. Lakini kilichoniacha mdomo wazi ni lile swali lako, maana kati ya watu kumi na mmoja waliokuja kwa mapazia, saba walitumwa na mtu mmoja, fundi rangi wa mtaa wa nyuma, ambaye mimi na yeye tunasalimiana tu njiani.

Tukamfuata mimi na Profesa, tukamkuta juu ya ngazi anapaka dari. Nikamuuliza, "Kaka, mbona hukuwahi kuniambia?"

Akashuka, akajipangusa mikono taratibu. "Mke wangu alipokwenda kujifungua nilikuletea kitambaa, nikakuomba kiwe tayari kabla hajarudi. Ukashona, ukaja ukatundika mwenyewe. Aliingia na mtoto, akasimama mlangoni akaniuliza, 'Hapa ni kwetu kweli?' Tangu siku ile, kila nyumba ninayopaka nawaambia waje kwako."

Mimi nilikuwa nimeshasahau kabisa. Nikatazama pembeni nisije nikalia mbele ya ndoo za rangi. Profesa akatoa karatasi yetu mfukoni, akaikunjua juu ya ngazi, akamwandika fundi rangi juu kabisa, mbele ya orodha yote.