Kaka, Usiwaambie Watu Wakae Nyumbani

Nyumbani kwa Baba Murad,
Riyadh, Saudi Arabia.
14 Novemba 2025

Mpendwa kaka Jeremiah,

Bwana asifiwe sana. Mgongo wako unaendeleaje tangu uanguke na ile ngazi? Wifi Priscah hajambo? Na Dominic, kifua kimemwachilia au bado mnamkanda na mafuta? Mimi mwili uko sawa, nashukuru, ila miguu inavimba kwa kusimama. Moyo ndio hauko sawa, na ndio umenifanya nishike kalamu.

Najua utashangaa kupata karatasi zama hizi. Ningefanyaje? Simu zangu hupokei, na nikikutumia ujumbe husomi. Ndiyo maana nimempa Zablon, yule dereva wa magodauni ya Al-Sulay, anayekuja likizo. Nimemwambia akupe mkononi na asiondoke mpaka aone umeifungua. Usimkasirikie yeye, ni mimi nimemtuma.

Mwezi uliopita tulimpeleka mama kubwa Jeddah kwa binti yake. Huyo ndiye mamake mwajiri wangu Baba Murad, ndiye ninayemtunza. Madam, mkewe, akanipa ruhusa nikamwone Winfred wa shangazi, maana nyumba anayofanyia kazi haiko mbali na pale. Tulikaa jikoni kwao tukimenya vitunguu na kucheka mambo ya nyumbani, ndipo akaniuliza kama nimesikia kaka yangu amegeuka mwanasiasa. Akafungua simu akanichezea sauti iliyorekodiwa. Nilikujua hata kabla hujamaliza kukohoa. Ukasema: "Siku ya kura, kila mtu akae nyumbani kwake. Wasipofika nusu, hawakopi."

Sauti yako ikafika Jeddah, kaka, na mimi dada yako hukuniambia hata neno. Nilitoka nje nikasimama pale kwenye mitungi ya gesi nikalia. Winfred alidhani nimeambiwa kuna mtu amekufa.

Usifikiri sikuelewi. Ule mkopo wa kwanza sote tuliuona. Soko likapata nguzo, nguzo zikaota kutu, na ushuru wa vibanda ukapanda kabla hata ya paa. Hapo ndipo wewe na wenzako mliposema basi, manispaa isiuze hatifungani tena, isikope watu na mabenki kwa jina la mji, mpaka wakazi wenyewe wapige kura. Nusu ya waliojiandikisha wajitokeze, na theluthi mbili ya watakaopiga wakubali, la sivyo hakuna mkopo. Ulizunguka nyumba hadi nyumba kwa miguu mpaka wakaipitisha hiyo kanuni. Nilijivuna mpaka nikamsimulia madam, naye hakuelewa hata nusu, akaniambia yalla, haya upesi, nguo ziko kwa mashine.

Sasa niambie, kaka. Ulipigania watu waulizwe. Wameulizwa, na wewe huyo huyo unawaambia wasijibu. Hiyo ni nini? Kama mkopo ni mbaya, waambie waende wakatae, wahesabiwe, tujue wako wangapi. Ukiwaweka wote majumbani, yule anayekubali atashindana na nani, na viti?

Hatifungani ya safari hii si ya soko. Ni ya maji, na ya mashine za kusafisha damu ziwekwe pale hospitali yetu ya mji. Unasema watakula tena. Pengine watakula. Mimi niko huku mbali, siwezi kukuapia kwa ajili ya mtu yeyote pale ofisini. Lakini Mama hana muda wa kungoja tupate viongozi wazuri.

Hali yake wewe unaijua kuliko mimi, kwa sababu unamwona. Au humwoni? Mirriam anayekaa naye aliniambia juzi walisafiri tangu alfajiri mpaka ile hospitali ya mbali, wakakuta mashine moja imekufa na nyingine ina foleni, wakarudishwa. Mama alirudi uso umevimba. Siku hizi halali chali, anapumua akiwa ameketi na mto mgongoni. Mirriam ni mtoto, kaka, amebeba mzigo mkubwa na hata hajui aogope nini na aache nini.

Na unajua kazi yangu hapa ni ipi? Ni kumpeleka mama wa wenyewe kusafishwa damu. Mara tatu kwa wiki. Tunaingia kwenye gari, tunafika, kiti chake kinamngoja. Namvua viatu, namfunika blanketi, maana haachi kusema barid, barid, baridi inamwua. Akimaliza anapewa juisi, na ananigombeza mimi kwamba haina sukari. Ni mzee mzuri, ananiombea dua. Simwonei wivu.

Uongo. Namwonea wivu mpaka naogopa dhambi. Nikiangalia ile damu ikizunguka kwenye mipira nasema moyoni, Mungu, kwani Mama yangu ana damu ya aina gani?

Nilimwomba Baba Murad aniache nije nyumbani. Akasema mafi, hakuna, mpaka mkataba uishe. Yeye ndiye kafili wangu, mdhamini wangu, ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, iko kwake, na bila yeye sitoki. Sikubishana, kwa sababu nikifukuzwa hapa ni nani atalipa nauli ya Mama kwenda hospitali? Na hata ningekuja, jina langu halimo kwenye daftari la wapiga kura wa mji. Sina kura mimi. Nina wewe tu.

Nilikuwa nimeandika kurasa nzima nikikusihi urekodi sauti nyingine, uwaambie watu wakubali mkopo. Nimezichana. Nakijua kichwa chako, ukishikilia jambo hata Baba alikuwa anaondoka anakuacha nalo. Tena sitaki kukufanya useme usichoamini.

Lakini kuna jambo hujaambiwa, na Mirriam amekatazwa kabisa kukuambia. Jumapili nilizungumza na Mama. Nikamuuliza kama Mirriam atamsindikiza siku ya kura, maana kituo kiko pale shuleni, anaweza kufika polepole. Akasema: "Siendi, Velma. Watu wote wananijua mimi ni mama yake Jeremiah. Wakiniona kwenye laini watasema hata mamake amemkataa."

Nikamwambia, Mama, mashine ni zako. Nikamwambia hakuna mtu mwingine katika familia yetu anayezihitaji kuliko yeye. Akanijibu kwa upole kwamba siku zilizobaki ni chache na hataki kuzitumia kukuaibisha. Halafu akaniuliza kama ninakula vizuri.

Umesikia, kaka? Mtu anapumua kwa shida, na bado analinda jina lako.

Kwa hiyo sikuombi ukubali mkopo. Ukatae, uukatae kwa mikono yote miwili. Ninaomba kitu kimoja tu. Siku ile asubuhi umfuate Mama nyumbani kwake, umshike mkono, mwende pamoja mpaka shuleni, watu wakiwaona. Yeye apige yake, wewe upige yako. Usimuulize amepiga nini. Muwekee kiti, maana hawezi kusimama sana, kisha umrudishe polepole.

Najua wenzako watakucheka. Watasema uliwaambia wakae nyumbani halafu ukatoka na mama yako. Wengine watatoka kwa sababu yako, na hiyo nusu huenda ikafika. Najua ninachokuomba kina uchungu wake, sijifanyi sijui.

Mkihesabiwa wote na mkopo ukakataliwa, nitanyamaza. Sitakulaumu, hata kama tutamzika. Lakini akikaa ndani kwa ajili yako, na kura ikafa kwa sababu ya watu wachache waliokosa, naye akiwa mmoja wao, mimi sijui nitakuita kaka kwa mdomo gani.

Nisalimie wifi Priscah, mwambie kile kitambaa nilichomnunulia soko la Al-Dirah kiko kwenye mzigo wa Zablon. Salamu kwa watoto, Dominic na Alvin, na kwa mjomba Onesmus, naye aache kukaa kwenye umande. Mwambie Mirriam asiogope, siri nimeitoa mimi. Kwa Mama sitaki unipelekee salamu za mdomo. Nenda tu, ukae naye.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, aulainishe moyo wako, na ampe Mama pumzi ya kufika siku hiyo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na niliyekukasirikia,

Velma