Shemeji na Virusi Vyake

Mwenzangu, nimejifungia chooni nisije nikamzaba mtu kibao.

Unaijua kompyuta yetu inavyonguruma na kuchemka kama jiko? Leo shemeji, yule fundi wa kujipachika, kaisikiliza tu, hata skrubu moja hakugusa. "Virusi hivyo." Akafuta kila kitu. KILA KITU! Mimi niko nje naanika nguo, hata kuniuliza hakuniuliza.

Akaiwasha kwa mbwembwe. Ikanguruma vilevile!!

Nikachukua bisibisi, nikaifungua mwenyewe. Kumbe nyuzi za kile kitambaa cha mama mkwe, kile anachoifunikia isiingie vumbi, zimejisokota kwenye feni. Nyuzi! Nikazikata kwa mkasi, ikawa kimya kama imemwagiwa maji.

Eti virusi.

Unajua alivyonijibu? "Usinune shemeji, angalau sasa ni nyepesi." NYEPESI! Na mume wangu akacheka.

Picha zote za marehemu baba zilikuwa humo. Zote.

Ile uliyompiga kwenye harusi yako, anacheza kiatu kimoja kimemvuka, bado unayo? Nitumie. Nitumie sasa hivi, kabla hujanijibu kitu kingine.