Mke Wangu Aliniomba Msamaha kwa Kosa Langu

Mpendwa Mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie, maana shukrani na aibu vimenijaa kwa pamoja. Mie ni fundi wa kuchomelea mageti hapa Chang'ombe, na tangu mwaka 1995 najua nina virusi vya UKIMWI, na mke wangu Mwamvita anavyo pia, tulikutana kwenye kikundi cha wenye virusi, yeye mjane na mie niliyekimbiwa na mke wa kwanza, tukaoana, na mwaka jana nilipougua kifua kikuu na dada zangu wakanitengea sahani na kikombe, ni Mwamvita aliyenilisha uji kwa mkono wake, akanifulia mashuka, akanisindikiza kuchomwa sindano kila asubuhi mpaka nikarudi kazini, na nitamshukuru mpaka naingia kaburini. Sasa Mshauri, nilipopata nguvu nilikwenda Tabata kufunga madirisha ya nyumba moja, nikakutana na mwanamke niliyekuwa naye zamani, nikateleza mara mbili, bila kinga, wala sikumwambia hali yangu. Siku chache baadaye nikaanza kutokwa usaha na kuumia nikikojoa, nikanunua vile vidonge vya rangi mbili duka la dawa, nikameza siku tatu, usaha ukakauka, nikajua yamekwisha, na nyumbani nikaendelea kama kawaida, nikaona kwa kuwa sote tunavyo, kinga ya nini.

Mwezi uliopita Mwamvita akaanza kuumwa tumbo la chini, akaenda kliniki, muuguzi mmoja, Sista Genoveva, akampokea vizuri bila kumsimanga, akapimwa, akaambiwa ni kisonono, akapewa dawa na kadi ya kuniita mie. Aliporudi akanikalisha akasema, "Twaha, nisamehe mume wangu. Nadhani haya ni maradhi ya marehemu, yalijificha mwilini. Nimekuletea ugonjwa juu ya ugonjwa." Analia, Mshauri! Nami nikamjibu, "Usijali, nimekusamehe." Tangu siku hiyo kadi naizungusha mfukoni wiki ya pili sasa, nikisema ukweli nitampoteza aliyenirudishia uhai. Nifanyeje?

Twaha, Chang'ombe

Twaha, marahaba. Shukrani zako naziamini, na pole kwa maradhi. Lakini hilo neno "nimekusamehe" limenichoma. Mwanamke aliyekuuguza unamwachia abebe kosa lako, na marehemu asiyeweza kujitetea unamsukumia mengine?

Tena ulijidanganya kwamba mwenye virusi hana tena cha kuambukizwa. Kisonono kinampata kama mtu yeyote, na mwili wenu hauhitaji mzigo mwingine. Zile rangi mbili zilikausha usaha tu. Mkeo amemeza dawa zake, wewe bado unaumwa; ukilala naye anaanza upya. Na yule wa Tabata hukumpa hata nafasi ya kuchagua. Hilo ni baya kuliko yote.

Leo ukitoka kazini mwambie Mwamvita kwa mdomo wako, usimsingizie shetani. Kesho peleka kadi, mweleze Sista na dawa ulizojinunulia, na safari hii umalize dozi. Msikutane kimwili mpaka mwambiwe mmepona wote, na baada ya hapo kondomu kila mara, hata kama nyote mnavyo virusi. Kisha nenda Tabata, mwambie yule mama akatibiwe na akapimwe. Mwamvita akikasirika, mwache akasirike. Ana haki.

Wasomaji wangu, jibu hili nilimtumia Twaha kwa posta kwanza, mkewe asije akayakuta gazetini. Nalichapa leo kwa ruhusa ya wote wawili, na majina nimeyabadili. Ameniandikia kwamba alimweleza Mwamvita yote, na Mwamvita alikasirika kweli. Siku ya tatu alimwekea shati lililopigwa pasi kitandani, akasema, "Vaa, twende wote. Na ukitoka kliniki unapitiliza Tabata."

Alipitiliza. Yule mama alimfukuza kwa matusi mtaa mzima ukisikia, lakini wiki ileile akaenda kupimwa. Twaha anashukuru sana. Anasema alipoitwa ndani kwa Sista aligeuka nyuma, akamwona Mwamvita kasimama mlangoni, kamshikia kofia yake.